Mguu Niliokataa Kuukanda

Chepkirui, lakwenyu, mtoto wangu,

Mkono ni wa Moraa, maneno ni yangu, nyanya yako. Moraa unamjua, yule Mkisii wa hapo chini anayefanya kazi kiwandani na kuandika mambo ya kikundi chetu cha akina mama. Nimemwita aje na kalamu kwa sababu mimi, kama ujuavyo, hata jina langu ni kidole gumba. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Ameniambia, "Mama, wewe ukiandikwa ulivyo, mtu atakimbia." Nikamwambia anayeandikiwa anakimbia tayari, andika.

Umeenda Litein kutafuta soksi na sabuni. Mvua ya saa nane imeanza, kwa hivyo utajikinga kwenye kibaraza cha duka na utachelewa. Ndiyo nafasi yangu. Kesho asubuhi unaondoka kwenda kambi ya mbio, na mimi nikikutazama usoni nitaanza kukuambia habari za blanketi na chumvi. Hayo unayajua. Nimekulea tangu ukiwa wa kubebwa mgongoni. Kama hujui kufua soksi mpaka leo, karatasi haitakufundisha.

Moraa ataiweka kwenye mfuko wa ndani wa begi lako. Isome gari likishapita Chepseon. Kabla ya hapo nakujua, utashuka urudi kunigombeza.

Naanza na Jumatano ile. Ulirudi kutoka mbio, ukaketi mlangoni, ukavua raba, ukaninyooshea mguu wa kushoto. "Kogo, nikande hapa kidogo." Nikasema sikandi. Ukacheka, ukafikiri natania. Ulipoona sicheki ukasema, "Kogo, jana umemkanda mke wa shemasi mpaka akasinzia. Yule wa boda ulimkanda bega, hata hukumjua jina. Mimi ndiye unaninyima?" Nikakuambia mikono imechoka. Ukaniangalia hivi, ukasema, "Imechoka kwa wa kwako tu." Ukaingia ndani. Tangu siku hiyo unanijibu neno mojamoja kama mtu anayetoa sarafu.

Mikono yangu haikuwa na uchovu wowote. Ulinionyesha mahali panapouma kwa kidole kimoja, na mimi mguu unaoonyeshwa kwa kidole kimoja niliwahi kuushika. Sitaushika tena mpaka nife. Sasa nitakuambia ulikuwa wa nani.

Umekua ukiambiwa kwamba Chelangat, aliyekuzaa, alianguka kwenye mtaro wa barabara ya chai, ndiyo maana anachechemea. Mimi ndiye niliyekuambia, zaidi ya mara moja, na mara moja niliapa. Si kweli. Ngoja niseme polepole, Moraa ananiambia kalamu haina miguu.

Chelangat alipokuwa na umri wako angekushinda mbio wewe na kukuacha mbali. Usikasirike, ni kweli. Lakini mbio zilikuwa kitu kimoja tu kati ya vitu vyake. Asubuhi alichota maji mtoni, jerikeni mgongoni, akapanda nayo kilima. Jioni alichukua baiskeli ya babu yako, ile nyeusi yenye kiti kirefu cha nyuma, akafunga mitungi ya maziwa na kuipeleka kwa wanunuzi. Kwenye kile kilima cha kanisa wanaume walishuka wakasukuma. Yeye alisimama juu ya pedali akapanda nayo mpaka mwisho, akiimba kwa kuwaudhi. Jumapili alicheza na vijana wa kwaya mpaka viatu vikaachama. Siku za kukimbia zilikuwa tatu kwa wiki, labda nne. Na akamshinda kila mtu.

Mimi sikuona kwamba maji, baiskeli na kucheza ndiyo yaliyokuwa yakimjenga. Niliona mtoto anayemwaga nguvu zake ovyo.

Halafu akaja bwana mmoja mwenye koti zuri. Akamtazama akikimbia uwanjani, akaja hapa nyumbani, akanywa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, vikombe viwili, akasema msichana huyu anaweza kufika ng'ambo, aongeze mazoezi. Hilo tu ndilo alilosema. Mengine yote nilitia mimi.

Nilimnyang'anya jerikeni. Nikasema miguu hii haibebi maji tena. Baiskeli niliitoa kabisa, nikampa ndugu ya babu yako aliyekaa mbali, ili isionekane hapa hata kwa macho. Aliililia baiskeli ile kama mtu aliyefiwa. "Mama, hiyo hainichoshi, inaninyoosha." Nikamwambia mguu wa kukimbia haukanyagi pedali. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyesoma, mimi ambaye sijawahi kuingia darasani hata kufagia. Shambani nikamkataza. Kwaya nikamkataza. Akakimbia asubuhi, akakimbia jioni, siku zote, na Jumapili baada ya ibada. Nilimpa mayai na maziwa, nikamkalisha kitini kama bibi harusi. Majirani walipita wakisema, "Mama Chelangat anafuga farasi." Nikafurahi. Nilifikiri ni wivu.

Mwezi wa pili wa mazoezi hayo ulipokuwa unaisha akaniambia mguu unauma mbele, kwenye muundi. Nikatoa mafuta ya kondoo. Watu walikuwa wakija kwangu kutoka mbali kukandwa, Chepkirui. Mgongo, shingo, tumbo la aliyejifungua. Mikono hii ilikuwa na jina. Nikamkanda kwa nguvu, kutoka goti mpaka kifundo, naye akiuma leso. "Mama, si kote. Ni hapa tu." Akaweka kidole. Nikakiondoa kidole chake nikaendelea. "Maumivu yakiwa yanatoka hupiga kelele," nikamwambia. Kesho yake nikamwamsha akakimbie.

Sikiliza hili, kwa sababu hata kama mengine utayatupa, hili libaki. Nyama ikiuma, mtu huonyesha kwa kiganja, anapapasa, mara hapa mara pale. Mfupa ukiuma, kidole kimoja kinatosha kufunika mahali penyewe, na kesho ni palepale. Nilikuwa nalijua hili. Kwa watoto wa wengine niliwahi kusema, huyu mpeleke hospitali, sishiki. Kwa wangu sikutaka kulijua, kwa sababu ningelijua ingebidi akae chini, na akikaa chini yule bwana wa koti atampata mwingine.

Nilimkanda wiki tatu.

Asubuhi moja wachumaji walimkuta kwenye barabara ya chai, ameketi ukingoni mwa mtaro, ameshika mguu kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika fimbo iliyovunjika. Alikuwa anateremka tu. Hakujikwaa, hakuanguka. Mfupa ulikatika akiwa anakimbia. Wakamleta juu ya magunia ya majani, tukampeleka Kapkatet.

Daktari alikuwa mtu mpole. Akauangalia mguu, akauliza, "Nani amekuwa akiukanda huu?" Nikasema hakuna. Mafuta yalikuwa yananuka kondoo chumba kizima, na mimi nikasema hakuna. Ndipo Chelangat, ambaye jasho lilikuwa linamtiririka mpaka masikioni, akasema, "Nilianguka mtaroni, daktari." Akaniangalia mimi alipokuwa anasema.

Sasa unajua mtaro ulitoka wapi. Aliuchimba yeye, ili kunificha. Mimi nikaingia na kukaa humo miaka yote hii.

Baadaye daktari aliniita nje. Aliniambia mfupa ulikuwa umepasuka kidogo kwa wiki nyingi, ufa mwembamba kama unywele. Akasema kama Chelangat angeacha kukimbia kwa muda, ufa ungejiunga wenyewe. Nikamuuliza, na mapafu je, si yangelala? Akasema, "Hapana, mama. Angeweza kuendesha hata baiskeli."

Mfupa uliunga, lakini ulitoka mfupi kidogo kuliko mwenzake. Yule bwana hakurudi. Chelangat alikuzaa wewe kabla ya kuolewa, na alipoolewa upande wa Bomet wewe ukabaki kwangu, kama ilivyo desturi yetu. Watu walisema nimebahatika, nimepewa mtoto wa uzeeni. Nami nikajiambia, huyu sitamharibu.

Angalia nilivyokulinda. Kwa sababu Chelangat nilimnyima kazi, wewe nilikujaza kazi. Mwalimu wako wa mbio wa pale shule alikuambia Jumamosi usikimbie, ufanye kitu kingine ili miguu ipoe. Ukaniambia. Nikasema kitu kingine kipo, chai imekomaa. Nikakupa kikapu. Nilijiona nimekuwa na akili. Kumbe shamba letu unalijua lilivyo, limeinama kama paa. Mchumaji husimama kutwa mguu mmoja chini na mmoja juu, na kwa mistari yetu ilivyopangwa, wa chini ni wa kushoto. Kikapu kikijaa, uzito wote ni huo mmoja. Kisha Jumatatu unaukimbiza. Mimi nilikuita mapumzikoni nikaukanyagisha mguu uleule uliokuwa unatafuta kupumzika.

Moraa ameweka kalamu chini. Anasema nisijichape, kwamba hata wewe ulipenda kuchuma kwa sababu ya umbea wa akina Mama Ouma. Andika tu, nimemwambia. Haya, ameandika.

Sasa ile karatasi ya kambi. Ulipokuja nayo ulikuwa na furaha, ukanisomea: kila msichana achague kitu kimoja cha kufanya siku asizokimbia. Baiskeli zile zisizokwenda popote, au bwawa, au kuinua vyuma. Ukaniuliza, "Kogo, wewe ungechagua nini?" Nami nikacheka mpaka machozi. Uliposema kwamba bwawani hawaogelei, wanafungwa mkanda wa kuelea kisha wanakimbia majini bila kugusa chini, nilisema hiyo ni kazi ya watu waliokosa kazi. Ulicheka pia, lakini ulikuwa umeniuliza kwa moyo. Ukaandika vyuma, kwa sababu wasichana wenzako wameandika vyuma.

Nakujibu leo. Vyuma si vibaya. Nimewaona wanawake wa chai hapa kwa miaka mingi. Waliochuma tu, bila kulima, bila kubeba kuni, bila kucheza kanisani, wamekunjika kama kisu cha mfukoni. Waliochanganya kazi bado wanatazama watu usoni. Kiuno na mgongo vikiwa na nguvu, mguu haubebi peke yake. Kwa hivyo vyuma utavifikia. Lakini si sasa, na si kwa sababu ya wenzako.

Baiskeli nakuombea uipate. Utaipenda, uko na mapaja ya Chelangat. Moyo utapiga kama wa mbio na mfupa hautagongwa. Mimi niliiona kazi hiyo ikifanyika hapa nyumbani kila jioni, sikujua ninachoona.

Lakini kwanza ingia majini. Najua hujui kuogelea. Najua utaona aibu, kwa sababu ulishaniambia bwawani wanapelekwa wanaoumwa, na mtu akionekana humo siku ya kwanza watasema ameletwa mgonjwa. Wacha waseme. Wewe ni mgonjwa. Mguu wako wa kushoto unauma mahali pamoja, panafunikwa na kidole, na palikuwa palepale Jumatano na Alhamisi na leo asubuhi ulipokuwa unafagia ukifikiri sikuoni.

Tena nitakuambia nililofanya. Karatasi uliiacha mezani ulipokwenda kanisani. Nikamwita Moraa anisomee yote, mpaka chini. Kuna mahali wanauliza kama una maumivu yoyote. Uliandika "hakuna."

Moraa alipolisoma neno hilo nilimwomba alirudie. Ni neno langu. Nililisema Kapkatet mbele ya daktari, na sasa nimelikuta mezani kwangu kwa mkono wa mtoto niliyemlea. Hakuna aliyekufundisha. Labda nyumba hufundisha.

Siku hiyohiyo nikavaa koti nikaenda Bomet kwa Chelangat. Wewe ulifikiri nimekwenda kwenye mazishi. Nilimkuta anapalilia mboga. Alinipa kiti, akanipikia chai, akaniuliza habari za ng'ombe. Mwanangu huyo ananiheshimu sana. Nikamwambia nimekuja kuomba ruhusa ya kukuambia habari ya mguu. Nikamweleza wako ulivyo. Alisikiliza mpaka mwisho, amesimama, ameegemea jembe. Kisha akasema, "Mama, miaka yote hii hukuwahi kupanda gari kuja kwa sababu ya mguu wangu. Leo umekuja kwa sababu ya mguu wa Chepkirui."

Moraa, andika hivyo, kama alivyosema.

Nikamwambia, nisamehe. Kwa Kipsigis, kwa neno lile zito, sitalisema hapa. Akasema, "Mwambie mtoto. Mwambie yote, hata mafuta." Kuhusu kunisamehe hakusema kitu. Alinisindikiza mpaka langoni, akanifungulia, akarudi. Nilimtazama akipanda kilima kurudi kwenye mboga zake, anakwenda mbele na kwenda kando, na nikaona kwamba sijawahi kumtazama akitembea. Tangu siku ile ya hospitali, akitembea mimi hutazama pembeni.

Basi nimekwambia. Hata mafuta.

Limebaki moja, na ni hili ambalo Moraa anasema litakuchoma kuliko yote. Leo asubuhi, ulipokuwa unaanika nguo, nilikwenda kwake nikamwomba simu, tukampigia kocha wa kambi. Namba ipo kwenye karatasi. Nilimwambia mimi ni Kogo wa Chepkirui, na kwamba kwenye karatasi yake kuna neno moja si kweli. Nikamwambia ni mguu gani, ni mahali gani, na umeanza lini.

Akauliza, "Yeye anajua umenipigia?" Nikasema hajui. "Atakasirika sana, mama." Nikamwambia najua. Akasema uje, lakini hutakimbia hata hatua moja mpaka upigwe picha ya mfupa. Ikiwa ni ufa mdogo, utakaa majini na kwenye baiskeli wiki nyingi wenzako wakiwa barabarani, na nafasi yako atakutunzia. Ikiwa ni zaidi ya hapo, utarudi nyumbani na mwaka huu utakuwa umekwisha. Nilimuuliza ipi kati ya hizo. Akasema hawezi kuona mfupa kwa simu. Mimi nimeushika mfupa wa aina hiyo wiki tatu kwa mikono yangu na hata sasa siwezi kukuambia ni ipi.

Kwa hivyo inawezekana nimekukatia safari uliyoililia tangu ukiwa darasa la nne. Nimefanya nikijua. Sikukuuliza kwa sababu ungesema niache, na mimi nikikusikia ukilia huwa naacha.

Ukitaka kunichukia, nichukie. Kuchukiwa nakujua, nimeishi nako. Ila usinichukie kama Chelangat, kwa adabu, kwa chai na kuniuliza habari za ng'ombe. Hiyo siiwezi mara ya pili. Piga simu ya Moraa, yeye ataniletea mbio hata kama ni mvua. Nigombeze kwa sauti. Tumia maneno yote uliyokuwa unayameza tangu Jumatano. Nitaishika simu sikioni, sitajitetea, na sitakata mpaka wewe mwenyewe ukate.

Mimi,
Kogo wako